PhD ya mnyauko wa viazi: niondoke Mbeya au nibaki?

SWALI: "Shikamoo Profesa. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja hapa Mbeya. Nina miaka 33 na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Nataka kufanya PhD juu ya mnyauko wa viazi mviringo unaowamaliza wakulima wa Umalila na Isyonje. Mbele yangu kuna milango mitatu: kusajiliwa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huku nikiendelea na kazi, sandwichi, yaani nisajiliwe SUA na niende Ulaya kwa vipindi, au ufadhili kamili wa miaka minne huko huko Ulaya. Wenzangu wananiambia PhD ya nyumbani haina hadhi, na kwamba huku hakuna mashine, nitazeeka nayo. Mume wangu anaona miaka minne ni mingi. Mkuu wa idara anataka nisome huku nikifundisha kama kawaida. Juu ya hayo, kuna jarida limeniandikia kwamba nikilipa dola 150 watatoa makala yangu ya uzamili ndani ya siku saba. Nishike lipi?"

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na msimamo wangu ili usisome huku unabahatisha. Kwa mada yako na hali yako ya nyumbani, ningechukua sandwichi, kwa masharti nitakayoyataja. Mlango wa pili kwa ubora ni ufadhili kamili wa Ulaya. Ule wa kusajiliwa huku umebeba vipindi vyote vya darasani ningeukataa, hata kama ndio mwepesi kuupata na mkuu wako wa idara ndio anaoupenda.

Hili la PhD ya nyumbani kukosa hadhi linasemwa sana kwenye kantini za vyuo, na aghalabu wanaolisema hawajawahi kukaa kwenye kikao cha kupandisha watu vyeo. Kikao kile hutazama shahada inayotambulika na machapisho. Shahada ya SUA, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inapita bila mjadala. Ya nje ndiyo inayopaswa kupelekwa TCU, tume ya vyuo vikuu, ikatambuliwe kwanza. Tasnifu za hapa nazo husomwa na mtahini wa nje ya chuo, mtu asiyekujua wala kukuonea haya. Lakini wenzako wana nusu ya ukweli, tuwape haki yao. Ukisoma kwenye chuo kikubwa cha nje unaondoka na watu: profesa atakayekuandikia barua za utambulisho, na wanafunzi wenzako ambao miaka kumi baadaye ndio watakaokaa kwenye kamati za kugawa fedha za utafiti. Hilo lina thamani. Sandwichi iliyopangwa vizuri inakupatia sehemu kubwa yake.

Sasa mashine. Hapa naomba twende polepole, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua mmea wa kiazi ulionyauka pale Isyonje, wenye majani mabichi bado, ulioanguka ghafla kana kwamba umekosa maji. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kishike wima kwenye glasi ya maji safi, usikitikise. Kama ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe, rangi ya maziwa, zikishuka taratibu kutoka kwenye shina. Hao ni bakteria wa Ralstonia solanacearum wanamwagika kutoka kwenye mishipa ya mmea. Umeshapata jibu la kwanza la utafiti wako, na umetumia wembe na glasi.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Kwenye baridi ya milimani, bakteria huyu anaweza kujificha ndani ya kiazi bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Mkulima anaona shamba zuri, anauza mbegu, mbegu inashuka kwenye mabonde yenye joto au kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na huko ndiko shamba linapoanguka. Kumkamata bakteria aliyejificha, glasi haitoshi. Unahitaji vipimo vya kingamwili, ambavyo maabara ya kawaida inavimudu, na vingine ni vya ukanda unaovisoma shambani. Jibu la tatu, yaani ni kundi gani la bakteria na limetoka wapi kwenda wapi, ndilo linalotaka mashine ya PCR, inayonakili kipande cha vinasaba mara nyingi hadi kionekane, na usomaji wa vinasaba.

Pima sasa mwenyewe. Sehemu kubwa ya utafiti wako ni miguu, lugha, na kuaminiwa na wakulima: nani anamuuzia nani mbegu, kiazi kinapita kwenye soko gani, kwa nini mtu anarudia mbegu yake mwenyewe miaka mitano. Hakuna maabara ya Ulaya itakayokupa hayo. Sehemu inayohitaji mashine kubwa haizidi miezi michache ikiwa sampuli zako zimekusanywa kwa mpango. Na wala si lazima mashine hiyo iwe Ulaya. SUA yenyewe ina maabara zinazosoma vinasaba. Nairobi kuna BecA-ILRI, kituo ambacho kimekuwa kikipokea watafiti wa Kiafrika waje na sampuli zao na kuzifanyia kazi wenyewe. Pretoria kuna FABI, taasisi ya chuo kikuu iliyobobea kwenye magonjwa ya mimea tangu 1998.

Tena kuna jambo ambalo huenda profesa wa Ulaya atakayekusimamia hajakugusia: Ralstonia ni kimelea cha karantini katika Umoja wa Ulaya. Huwezi kufunga bakteria hai kwenye chupa ukapanda naye ndege. Utahitaji vibali vya pande zote mbili, na maabara ya upande wa pili iwe na idhini ya kumshika. Njia nyepesi zaidi ni kutoa vinasaba hapa hapa na kusafirisha vinasaba, na hata hapo utahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli na ushauri wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kwa hiyo, upende usipende, kazi ya kutenga bakteria na kutoa vinasaba itafanyika Tanzania. Yule anayekwambia "huku haiwezekani" hajasoma kanuni.

Hata hivyo sitaki nikudanganye kuhusu maabara zetu. Tatizo ninaloliona vyuoni kwa kawaida si kwamba mashine haipo. Ipo, imefunikwa kitambaa, ilikuja na mradi, na mradi uliisha. Kilichokosekana ni mtaalamu wa maabara aliyeajiriwa wa kuihudumia, bajeti ya vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mkataba wa matengenezo, na umeme usiotetereka kwenye friji ya sampuli. Vitendanishi vingi hutoka nje. Vikiagizwa, ombi linapita manunuzi kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, linangoja mzabuni, halafu kifurushi kinachotakiwa kukaa kwenye ubaridi kinangoja bandarini au uwanja wa ndege. Mwanafunzi asiyejua hili hupoteza mwaka mzima. Anayelijua huagiza miezi sita kabla, na huuliza swali moja anapotembelea maabara yoyote: mashine hii ilitumika lini mara ya mwisho, na nani aliitumia? Akikosekana mtu wa kutaja jina, hiyo mashine usiihesabu.

Tuje kwenye kuzeeka na PhD. Watu hudhani wanaosoma nje humaliza mapema kwa sababu wana akili zaidi au vifaa zaidi. Ninavyoona mimi, humaliza kwa sababu kila wiki kuna mtu anayewauliza wamefika wapi, na hawana vipindi kumi na viwili vya kufundisha. Mwanafunzi wa huku anasajiliwa, anatetea andiko lake, halafu anarudi kwenye idara yake peke yake. Msimamizi ana wanafunzi wengi na vikao visivyoisha. Sura ya pili inakaa kwenye meza ya mtu miezi minne. Mwanafunzi anaona haya kuuliza. Muhula unaanza, mitihani inasahihishwa, mvua inapita, msimu wa viazi umekwenda. Baada ya hapo mtu hata kufungua faili lile kwenye kompyuta anaogopa. PhD hufa hivyo, kimya kimya, wala si kwa kukosa mashine.

Waafrika wameliona hili zamani na wametengeneza dawa, ingawa haijafika kila idara. Wachumi walianza mapema: AERC ya Nairobi, iliyoanzishwa 1988, iliona kwamba idara moja moja ni nyembamba mno kufundisha uzamivu, ikawakusanya wanafunzi wa vyuo mbalimbali Nairobi kusoma masomo ya ubobezi chini ya walimu walioazimwa kutoka kila upande. RUFORUM, iliyoanzishwa 2004 na vyuo kumi na makao yake yakiwa Kampala, ilifanya jambo la namna hiyo kwa kilimo. Leo wanachama wake wamepita mia, SUA ikiwemo. CARTA, ya afya ya jamii, ilianza 2008: huwachukua wahadhiri ambao tayari wana ajira, hubaki wamesajiliwa kwenye vyuo vyao vya Afrika, na huwakutanisha mara nne katika safari yao kuandika, kutetea, kukosolewa. Angalia kilichomo katika zote tatu: kundi la kutembea nalo, tarehe isiyokwepeka, na mtu wa tatu anayemwangalia msimamizi. Mada yako haiingii CARTA wala AERC, lakini unaweza kujitengenezea mambo hayo matatu, na nitakuambia namna.

Na sandwichi yenyewe si jambo jipya lenye mashaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewafundisha wahadhiri wake kwa njia hiyo na Sweden tangu miaka ya 1970, na mpango wa sayansi wa Uppsala uliomlea mwanafizikia na mwanakemia wa Kiafrika kwa mtindo huo ulianza 1961. Hata huku Nyanda za Juu Kusini tuna mifano miwili ambayo vijana hawaijui. Pale Ngwazi, Mufindi, miaka ya 1980 na 1990, majaribio ya kumwagilia chai yaliendeshwa pamoja na Chuo cha Cranfield cha Uingereza. Swali lilikuwa la Mufindi kabisa: kiangazi chetu kirefu kinaipunguzia chai mavuno kiasi gani, na maji yanarudisha kiasi gani? Shahada kadhaa za uzamivu zilitoka kwenye mashamba yale, mwanafunzi akipima huku na kuandika kule, na kazi ikaja kushikwa na Taasisi ya Utafiti wa Chai ya hapa nyumbani. Mfano wa pili uko mjini kwako: kituo cha Mbeya cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kilichokua kutokana na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha Munich tangu miaka ya 1990, na ambacho kimefanya majaribio ya chanjo za VVU na dawa za kifua kikuu. Watafiti wake wamesoma huku wagonjwa, sampuli na maabara vikibaki Mbeya. Nenda kawaone. Si wa fani yako, lakini waulize wanavyotunza sampuli na wanavyoishi kati ya mradi mmoja na mwingine. Watakufundisha zaidi ya semina.

Sasa masharti ya sandwichi. La kwanza, ujue kwa maandishi cheti kinatolewa na nani. Kuna sandwichi za kusajiliwa nyumbani, za kusajiliwa nje, na za shahada ya pamoja, na kila moja ina ada na kanuni zake. La pili, wasimamizi wawe wawili, mmoja SUA na mmoja nje, na muandikiane mkataba wa usimamizi: mnazungumza kila baada ya wiki mbili, sura inasomwa ndani ya wiki tatu, na nani anakuwa mwandishi wa kwanza kwenye makala. Usione haya kuomba hilo. Msimamizi mzuri halimkeri. Mbaya atakereka, na utakuwa umejua mapema. La tatu, kabla ya kumkubali yeyote, watafute wanafunzi wake wawili waliomaliza na mmoja ambaye hakumaliza. Huyo wa tatu ndiye wa kumsikiliza zaidi.

La nne ni kalenda. Viazi vya mvua huku vinaanza Novemba na mvua inaisha Mei. Usikubali kuwa Ulaya miezi hiyo kwa sababu tu ndiyo muhula wao. Msimu wa kwanza uwe wa kuzunguka na kukusanya. Juni hadi Septemba au Oktoba uwe maabara ya nje. Msimu wa pili wa mvua urudi shambani na maswali yaliyoivishwa na majibu ya maabara. Mpango huu unasaidia na nyumbani pia. Kuondoka miezi minne, ukarudi, ukaondoka tena mwaka unaofuata ni jambo ambalo wewe na mume wako mnaweza kulipanga na bibi au shangazi wa watoto. Miaka minne mfululizo ni mazungumzo mengine, na usimlaumu mwenzio kwa kuyaogopa. Mkae myazungumze kwa tarehe, siyo kwa hisia.

Mkuu wa idara naye ana hoja, tusimfanye adui. Akikuachia wewe, nani atafundisha? Mpelekee pendekezo: mwaka wa kwanza nusu ya mzigo, vipindi vyote vikiwekwa muhula mmoja, mwaka wa pili na wa tatu ruhusa kamili ya masomo, na unapokuwa shambani utawachukua wanafunzi wake wawili wa mwaka wa mwisho wafanye miradi yao kwako. Hao ndio watakuwa kundi lako la kwanza. Ongeza na wenzako wawili watatu wanaosoma uzamivu Mbeya au Iringa, wawe wa chuo cha Mkwawa, chuo kikuu cha MUST au kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, fani yoyote, mkutane mara moja kwa mwezi kila mtu na kurasa zake. Mpatane asiyeleta kurasa ndiye anayelipia chai, na tarehe isihamishwe.

Ningekwambia lini uende Ulaya moja kwa moja? Kama mada yako ingekuwa vinasaba vyenyewe, au kama SUA ingekosa msimamizi wa magonjwa ya mimea mwenye nafasi, au kama mwajiri wako angekataa katakata kukupunguzia mzigo. Ufadhili kamili unakununulia muda, na muda ndio bidhaa adimu kuliko zote. Hatari yake ni kwamba swali lako hubadilika taratibu likawa swali la mradi wa profesa, na unarudi bingwa wa mbinu ambayo Mbeya haina pa kuifanyia. Ukienda, shikilia kipande cha kazi ya shamba kiwe cha Umalila.

Fedha za sandwichi usizitafute kwa profesa peke yake. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, limekuwa likifadhili uzamivu wa wanawake, pamoja na njia ya kubaki umesajiliwa nyumbani huku ukienda kwa vipindi kwenye nchi nyingine inayoendelea. Afrika Kusini inaingia hapo. Jumuiya ya Madola ina ufadhili wa kwenda Uingereza hadi mwaka mmoja kwa aliyesajiliwa nyumbani. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, hufadhili wanaosoma humu humu barani. Na ulizia chuoni kwako kama kuna nafasi za mafunzo zilizobaki za HEET, mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021. Sehemu yake ililenga kusomesha wahadhiri kama wewe.

Kabla ya kusaini chochote kuna milango ambayo jibu langu haliwezi kukubishia, na uende kwa miguu yako. Panda basi hadi Morogoro, uonane na ofisi ya masomo ya uzamili na uzamivu ya SUA na msimamizi wako mtarajiwa uso kwa uso. Nenda TARI Uyole, kwa watafiti wa viazi, ujue kipi wameshakifanya usije ukarudia. Mwone afisa utumishi akusomee mkataba wa mafunzo: utatumikia chuo miaka mingapi baadaye, na mshahara unakuwaje ukiwa nje. Mkifanya kazi na mgeni, yeye atahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kabla hajakanyaga shamba la mtu. Na siku ukiona huli, hulali, na barua pepe ya msimamizi inakutetemesha mikono, hilo nalo si la kusubiri. Mwone daktari au mshauri wa chuo, kisha omba kuahirisha muhula. Kuahirisha kupo kwenye kanuni.

Limebaki lile jarida. Usilipe. Siku saba hazitoshi hata kumpata msomaji mmoja mwenye ujuzi, achilia mbali kuipitia makala yako. Hao wanauza kurasa, na makala ikishatoka kwao huwezi kuipeleka kwingine. Zungumza na msimamizi wako wa uzamili, mchague jarida ambalo wanasayansi wa viazi wanalisoma. Makala za kusoma bila malipo utazipata kupitia Research4Life. Mwombe mkutubi wenu akufungulie. Mwandishi wa kukuongoza utampata AuthorAID, mtandao wa kuwasaidia watafiti kuandika, bila kulipa senti. Na majarida ya haki yanayotoza ada, wachapishaji wengi wakubwa huisamehe yote au sehemu kwa waandishi wa nchi kama yetu, ili mradi uombe wakati wa kutuma makala, si baada ya kukubaliwa.